Picha ya chini ya sakafu ya bahari haitoki: utatuzi wa matatizo ya RTM na FWI kwenye klasta

Mwongozo huu ni wa mtu ambaye tayari ana data ya mitetemo ya baharini, ana akaunti kwenye klasta, na kazi yake imegoma au imemaliza na kutoa picha isiyoeleweka. Umepangwa kwa dalili. Chini ya kila dalili, sababu zinaanzia ile inayokutwa mara nyingi hadi ile ya nadra, na ukaguzi mwepesi unatangulia ule mzito.

Kwanza tukubaliane maneno mawili. RTM (reverse time migration) ni kuigiza kwenye kompyuta wimbi linalotoka kwenye bunduki za hewa, kisha kuyarudisha nyuma kimuda mawimbi yaliyonaswa na hidrofoni. Pale mawimbi hayo mawili yanapokutana ndipo palipo na mpaka wa miamba. FWI (full waveform inversion) ni kuisahihisha modeli ya kasi, yaani ramani ya kasi ya mawimbi majini na kwenye miamba, mzunguko baada ya mzunguko, hadi data ya kuigiza ifanane na data iliyorekodiwa. Zote mbili hula mashine. Kwenye pande tatu, ukizidisha masafa ya juu mara mbili, gridi, yaani wavu wa nukta za hesabu, inahitaji kumbukumbu mara 8 na hesabu mara 16, kwa sababu hatua ya muda nayo inapungua nusu.

Ndiyo maana nasisitiza jambo moja kabla ya mengine yote: makosa mengi yanayopelekwa kwa msimamizi wa klasta kama "mashine mbovu" yapo kwenye heda za faili (maelezo yanayotangulia data), kwenye gridi au kwenye modeli ya kasi, na hayaponi kwa kuongeza nodi, yaani kompyuta za klasta. Tengeneza toleo dogo la kazi yako: mpigo mmoja wa bunduki, masafa ya chini, nodi moja, liishe ndani ya dakika kumi. Ukaguzi karibu wote ulioelezwa hapa unafanyika kwenye toleo hilo dogo.

## Dalili: kazi haianzi

Andika `squeue -u $USER`, amri ya Slurm, programu inayopanga foleni ya klasta, na usome safu ya mwisho. `Priority` na `Resources` si kosa. Uko kwenye foleni, subiri. Ukiona `ReqNodeNotAvail`, mara nyingi klasta ina matengenezo yaliyopangwa na muda ulioomba unavuka saa ya kuzimwa. Punguza muda kwenye skripti, kazi inaweza kuingia kabla ya matengenezo. `AssocGrpCPUMinutesLimit` ina maana saa za mradi wako zimekwisha, na hapo hakuna amri itakayokusaidia, mwandikie mwenye mradi. `DependencyNeverSatisfied` inasema kazi iliyotangulia imeshindwa. Ifute hii, karekebishe ile.

## Dalili: kazi inakufa katikati

Anza na `sacct -j NAMBA --format=JobID,State,ExitCode,MaxRSS,Elapsed`. Hali ya kufa inakuambia pa kutazama.

TIMEOUT. Muda ulioomba haukutosha. Usikimbilie kuomba muda wa juu kabisa, kwa sababu kazi ndefu hukaa foleni zaidi. RTM na FWI zinagawika kwa mipigo, kwa hiyo igawe kazi iwe safu ya kazi ndogo, kila moja na kundi lake la mipigo, na kila mpigo ukimalizika uandike faili yake. Kazi ikikatwa unaanzia ulipoishia.

OUT_OF_MEMORY, au namba ya kutoka (ExitCode) 137. Kumbukumbu imejaa. Piga hesabu kwa kalamu kabla ya kuomba nodi kubwa. Gridi ya nukta 1000 kwa 1000 kwa 400 ni nukta milioni 400. Kwa namba za baiti 4, kila uga mmoja, yaani thamani moja kwa kila nukta ya gridi, unachukua GB 1.6. Uigaji wa akustika, wa mawimbi ya mgandamizo tu, unabeba uga mbili au tatu pamoja na modeli ya kasi, na hilo nodi nyingi zinalimudu. Wa elastiki, unaoongeza mawimbi ya mkato, unabeba uga 9, yaani kasi tatu za chembe na mikazo sita, bila kuhesabu modeli yenyewe.

Kinachowashinda wengi ni kuhifadhi wimbi la chanzo kwa ajili ya kulikutanisha na lile linalorudi. Sekunde 8 za rekodi kwa hatua ya milisekunde 1 ni hatua 8000. Zidisha kwa GB 1.6 unapata TB 12.8 kwa mpigo mmoja! Hakuna haja ya kuhifadhi kila hatua. Kwa masafa yasiyozidi Hz 25, sampuli moja kila milisekunde 8 inatosha na kubaki, na mzigo unashuka hadi TB 1.6. Hata huo ni mkubwa mno kwa GPU (kadi ya michoro inayotumika kukokotoa), kwa hiyo tumia mojawapo ya njia tatu: hifadhi kingo za gridi tu na ujenge upya wimbi kwa kurudi nyuma, weka vituo vya kumbukumbu vichache na ukokotoe upya kati ya kituo na kituo, au ubane data. Njia ya vituo, ya Griewank na Walther, ndiyo salama zaidi pale ambapo modeli ina upotevu wa nguvu, kwa kuwa wimbi lililofifia halijengeki upya kwa usahihi kutoka kwenye kingo.

Namba 139. Programu imegusa kumbukumbu isiyo yake. Kagua `ulimit -s` na `OMP_STACKSIZE` kwanza, maana msimbo wa Fortran wenye safu kubwa za ndani huangukia hapo. Kama kazi ndogo inapita na kubwa inakufa papo hapo, shuku namba nzima za biti 32, ambazo mwisho wake ni 2,147,483,647. Mchemraba wa nukta 1290 kila upande unaingia humo. Wa 1291 hauingii. Hesabu ikivuka hapo faharisi inageuka hasi, na programu inasoma mahali pasipokuwapo. Dawa ni kubadilisha aina ya namba kwenye msimbo kisha kuujenga upya.

Simama hapa: kazi ileile ikipita kwenye nodi nyingine na kufa kila mara kwenye nodi moja, au ukiona `Xid 48` au `Xid 79` kwenye logi ya GPU za NVIDIA, acha kurudia. Ya kwanza ni kosa la kumbukumbu ya kadi lisilosahihishika, ya pili ni kadi iliyopotea kwenye mashine. Hiyo ni kazi ya msimamizi wa klasta, nawe iepuke nodi hiyo kwa `--exclude` wakati unamsubiri.

## Dalili: namba zinalipuka, NaN (thamani zisizo namba) zimejaa

Hapa ndipo watu wanapoteza wiki nzima, na mara nyingi sababu inapatikana kwa saa moja. Chapisha thamani kubwa kabisa ya uga wa wimbi kila baada ya hatua 100, pamoja na mahali ilipo kwenye gridi. Mahali mlipuko unapoanzia panakutajia sababu.

Ukianzia kwenye mwamba wa kasi kubwa, kama chumvi, basalti au mwamba wa msingi, hatua ya muda ni kubwa mno. Kanuni iliyozoeleka vitabuni inasema hatua isizidi ukubwa wa gridi ukigawa kwa kasi ya juu mara kipeuo cha pili cha 3. Kwa gridi ya mita 12.5 na kasi ya mita 6000 kwa sekunde hiyo ni milisekunde 1.20. Mtu anaweka milisekunde 1, anaridhika, na kazi inalipuka. Kanuni ile ni ya hesabu za daraja la pili katika nafasi. Programu nyingi za leo zinatumia daraja la nane, na kwa daraja hilo kikomo kinashuka hadi karibu milisekunde 0.94. Weka 0.9 na mlipuko unakoma.

Kwenye FWI kuna namna nyingine ya tatizo hilohilo. Kazi inakwenda vizuri mizunguko kadhaa kisha inalipuka ghafla. Hatua ya muda ilipimwa kwa modeli ya kuanzia, lakini marekebisho yamepandisha kasi mahali fulani hadi kuvuka kikomo. Weka mipaka ya juu na ya chini ya kasi kwenye kila mzunguko, na hatua ya muda ipimwe kwa mpaka wa juu.

Ukianzia kwenye sakafu ya bahari, na uigaji ni wa elastiki, tazama jinsi msimbo unavyochukua wastani wa ugumu wa mkato kati ya nukta jirani. Majini ugumu huo ni sifuri. Wastani wa kupindua (harmonic mean) unagawa kwa sifuri, na NaN ya kwanza inazaliwa palepale maji yanapokutana na matope. Msimbo mzuri unaweka wastani kuwa sifuri kama nukta mojawapo ni maji. Ukiwa hapo, tazama pia mashapo laini ya juu: mawimbi ya mkato humo yanaweza kwenda mita 200 kwa sekunde au chini yake, na gridi iliyopangwa kwa kasi ya maji haiyawezi. Ukikosa kumbukumbu ya gridi nyembamba, baki na akustika. Ni bora picha ya akustika iliyo safi kuliko ya elastiki iliyojaa kelele.

Ukianzia pembeni au kwenye kona, mpaka unaomeza mawimbi ndio mkorofi. Uongeze unene, na uhakikishe modeli ya kasi inaendelea hadi ndani ya mpaka bila kubadilika.

Mlipuko ukianza kwenye hatua ya kwanza kabisa, modeli imesomwa vibaya. Chapisha kasi ndogo na kubwa. Ukiona 1.5 badala ya 1500, vipimo ni kilomita. Ukiona sifuri, kuna nukta ambazo hazikujazwa. Ukiona namba za ajabu kama 10 kwa kipeo cha 30, mpangilio wa baiti umegeuzwa.

## Dalili: picha inatoka, lakini jiolojia haipo

Picha ni miduara, tabasamu kubwa zilizopishana, au ukungu mtupu. Msimbo umefanya ulichoamuru. Ulichoamuru ndicho kina kasoro. Shuku jiometri kwanza, kwa sababu SEG-Y, muundo wa faili za data ya mitetemo, ni wa zamani na una mitego inayojulikana.

Faili ya SEG-Y ina heda ya maandishi ya baiti 3200, heda ya namba ya baiti 400, kisha kila tresi, yaani rekodi ya kipokezi kimoja kwa mpigo mmoja, ina heda ya baiti 240. Viwianishi vya chanzo viko baiti 73 hadi 80, vya kipokezi 81 hadi 88. Kabla yake, kwenye baiti 71 na 72, kuna kizidishi. Kikiwa -100, viwianishi vyote vinagawanywa kwa 100. Programu isiyokisoma inaiweka meli mbali mara mia, nje ya modeli, na picha inakuwa tupu. Kwenye programu ya Seismic Unix, `surange < data.su` inakuonyesha namba ndogo na kubwa za kila sehemu ya heda; amri hiyo moja inafichua nusu ya makosa ya jiometri.

Linganisha pia kanda ya ramani. Pwani ya Tanzania na sehemu kubwa ya vitalu vyake vya baharini iko UTM 37 kusini, lakini mashariki ya nyuzi 42 unaingia kanda ya 38. Ramani na data za zamani za Afrika Mashariki zimetumia mfumo wa viwianishi wa Arc 1960, za sasa WGS 84, na tofauti ya mahali inafika mamia ya mita. Mistari ya uchunguzi wa zamani ikichanganywa na mipya bila kubadilishwa, matabaka hayakutani kwenye makutano ya mistari.

Ukaguzi wa haraka ni huu. Chora muda wa wimbi la kwanza dhidi ya umbali kati ya chanzo na kipokezi. Wimbi linalokwenda moja kwa moja majini lazima lilale kwenye mstari wa karibu mita 1500 kwa sekunde. Mstari ukiwa na mwinamo mwingine, jiometri ni mbovu. Ukiwa na mwinamo sahihi lakini haupiti sifuri, kuna ucheleweshaji ambao haujasomwa. Tazama baiti 109 na 110, na muulize aliyerekodi kama saa ya kuanza ni ya bunduki kulipuka au ya mashine kuwashwa. Kisha pima sakafu ya bahari kwenye kipokezi cha karibu. Kwa kina cha mita 2,500, kama maji ya baadhi ya vitalu vya gesi kusini mwa Tanzania, mwangwi wa kwanza unatarajiwa karibu sekunde 3.3.

Baada ya jiometri njoo kwenye namba zenyewe. Baiti 3225 na 3226 zinasema aina: 1 ni namba za IBM za zamani, 5 ni za IEEE. Zikisomwa kinyume, tresi inafanana kwa mbali na wimbi halisi lakini ukubwa wake unaruka ovyo, na wengi hudhani ni kelele za bahari. Tena, heda si ya kuaminiwa upofu. Kuna faili zinazosema 1 na ndani ni 5. Zichore zote mbili utazame.

Kwa vipokezi vya sakafuni vinavyorekodi mfululizo kuna mtego wa ziada. Idadi ya sampuli inakaa kwenye baiti mbili, 115 na 116. Programu inayozisoma kama namba yenye alama inaishia 32,767, na kwa sampuli za milisekunde 4 hizo ni sekunde 131 tu. Kata rekodi iwe vipande vya mpigo mmoja mmoja kabla ya kuandika SEG-Y.

Mwisho, sakafu ya bahari ikionekana lakini imeshuka au imepanda kwa kiwango kilekile kote, tatizo ni wimbi la chanzo. Ucheleweshaji wa milisekunde 40 unashusha sakafu mita 30, na tabaka la kasi ya mita 3000 mita 60. Alama ikigeuzwa, kilele kinakuwa bonde, na mtu anaweza kusoma gesi pasipo na gesi.

## Dalili: matabaka ya uongo na mawingu

Tabaka linaloiga umbo la sakafu. Huo ni mwangwi uliorudia kati ya sakafu na uso wa bahari. Kwenye maji ya mita 2,500 unafika karibu sekunde 6.7, mara mbili ya ule wa kwanza, na unaangukia juu ya miamba unayoitafuta. Usiufute kwa kuficha sehemu ya picha. Uondoe kwenye data kabla ya RTM, au uigize uso wa bahari kwenye modeli.

Hapo kuna uamuzi unaopuuzwa mno: uso wa bahari uwe kwenye data au kwenye modeli? Data iliyokwisha kuondolewa mwangwi wa uso ikipelekwa kwenye uigaji wenye uso huru, au kinyume chake, kila kitu chini ya sakafu kinapata kivuli chake. Andika uamuzi wako kwenye faili ya maelezo, mwenzako atakayeendelea na kazi aujue.

Pengo la masafa. Kipokezi kilicho mita 7.5 chini ya maji kinapoteza masafa ya karibu Hz 100, kwa sababu wimbi linalorudi kutoka juu linafuta linalopanda. Kikiwa mita 25, pengo linaanguka kwenye Hz 30, katikati kabisa ya masafa ya kazi. Kabla ya kulaumu programu, jua kebo ya vipokezi ilikokotwa kina gani.

Mawingu meusi juu ya chumvi au mwamba mgumu. Ni kawaida ya RTM. Mawimbi yanayorudi nyuma yanakutana njiani na kuacha madoa ya masafa ya chini. Kichujio cha Laplace kinayafuta mengi. Yakibaki, lainisha kidogo mpaka wa kasi au tenganisha mawimbi yanayopanda na yanayoshuka.

Mistari myembamba inayofuata kila tukio kama mkia. Gridi ni pana. Maji yenye kasi ya mita 1500 na masafa ya Hz 30 yana urefu wa wimbi wa mita 50. Gridi ya mita 10 inatoa nukta 5, na hesabu za daraja la nne zinahitaji kiasi hicho au zaidi kidogo. Punguza masafa au ongeza daraja.

Simama hapa: doa lenye mwangwi mkali chini kidogo ya sakafu, na matabaka yaliyolegea kushuka chini yake, linaweza kuwa gesi ya kina kifupi. Hiyo ni hatari kwa mtambo wa kuchimba na kwa watu walio juu yake. Usiitolee hukumu kwa picha moja kutoka kwenye klasta. Mkabidhi mtaalamu wa hatari za sakafu ya bahari data ghafi pamoja na picha, na umweleze vichujio vyote ulivyopitisha.

## Dalili: FWI haisogei, au inasogea kwenye upotofu

Pengo kati ya data halisi na ya kuigiza likikataa kushuka tangu mzunguko wa kwanza, pima gradienti, yaani mwelekeo wa kuisahihisha modeli, kabla ya kuchezea kitu kingine. Jaribio la kuzidisha vekta mbili, kwenda na kurudi, linapaswa kulingana hadi tarakimu kumi au zaidi kwa namba za baiti 8. Lisipolingana, hakuna mpangilio utakaokuokoa. Msimbo wa kurudi si kinyume halisi cha msimbo wa kwenda. Programu ya Devito, iliyoanzia Imperial College London, inatengeneza msimbo wa pande zote mbili kutokana na milinganyo unayoiandika mwenyewe, lakini jaribio bado ni lako kulifanya.

Gradienti ikiwa sahihi, sababu inayoongoza ni modeli ya kuanzia kuwa mbali. Wimbi la kuigiza likipishana na la kweli kwa zaidi ya nusu ya kipindi, FWI inalivuta kwenye kilele cha jirani badala ya kilele chake. Kwa Hz 3 nusu kipindi ni milisekunde 167. Kwa Hz 10 ni 50 tu. Anza na masafa ya chini kabisa ambayo data inayo kweli, kisha panda taratibu. Weka rekodi halisi na ya kuigiza ubavu kwa ubavu, tresi baada ya tresi, na uyatazame mawimbi kwa macho. Pengo linaweza kushuka huku modeli ikiharibika, na grafu ya pengo peke yake haitakuonyesha.

Tatu, jiulize kama data inafika huko. Kwenye maji ya mita 2,500, kebo ya kilomita 8 mara nyingi inanasa mawimbi yaliyopinda ndani ya mashapo ya juu tu. Chini ya hapo FWI inategemea mwangwi, na inasahihisha mipaka kuliko kasi. Anayetaka kasi za kina anahitaji vipokezi vya sakafuni na umbali mrefu. Hakuna kiasi cha GPU kinachoziba data isiyokuwapo.

Kwa vipokezi hivyo, kagua saa. Hakuna GPS chini ya maji. Saa inawekwa sawa kabla ya kuzamishwa na kupimwa tena ikiopolewa. Saa inayokwenda kando milisekunde chache kwa siku, baada ya mwezi imekwisha kuvuka nusu kipindi cha Hz 10. Sahihisha kwa mstari kati ya vipimo viwili, na utafute mahali halisi pa kipokezi kwa wimbi la moja kwa moja la majini, kwa sababu kilipokuwa kikizama mkondo ulikisogeza.

## Dalili: kazi inakwenda, lakini kwa kujikokota

Sababu ya kwanza ni nyuzi (threads) kupigania kore. Michakato 32 ya MPI, mfumo wa kugawa kazi kati ya michakato, kwenye nodi ya kore 32, na kila mmoja unaanzisha nyuzi 32 kwa sababu `OMP_NUM_THREADS` haikuwekwa. Ingia kwenye nodi uangalie `top`. Mzigo ukizidi idadi ya kore, umepata jibu.

Ya pili ni diski. Faili laki moja ndogo ndani ya folda moja zinaichosha Lustre, mfumo wa faili wa klasta nyingi, kuliko faili moja kubwa, na zinawachosha watumiaji wengine wote pamoja nawe. Unganisha mipigo kwenye faili chache, na kwa faili kubwa weka `lfs setstripe -c 8` kwenye folda kabla ya kuandika. Faili iliyokwisha kuandikwa haibadiliki.

Ya tatu inashangaza. Kazi inaanza kasi kisha inapoa, bila kuongezeka kitu. Wimbi linapofifia ndani ya mpaka unaolimeza, namba zinashuka chini ya takriban 10 kwa kipeo cha -38, na vichakataji vingi huzikokotoa kwa taabu kubwa. Kiambie kikusanyi cha msimbo (compiler) kizigeuze sifuri. Kwa kikusanyi cha Intel ni `-ftz`.

Na kwa GPU, fungua `nvidia-smi` wakati kazi inaendelea. Asilimia ikisoma sifuri, programu ilijengwa bila GPU na inakokotoa kwenye kichakataji cha kawaida kimyakimya.

## Dalili: matokeo yanabadilika kila ukirudia

Tofauti kwenye tarakimu za mwisho ni kawaida, kwa kuwa mpangilio wa kujumlisha namba kati ya michakato haulingani kila mara. Tofauti inayoonekana kwa jicho si kawaida. Hesabu mipigo iliyoingia kwenye picha: mara nyingi kadhaa ilishindwa na skripti ikajumlisha iliyobaki bila kulalamika. Tafuta faili za ukubwa sifuri kwa `find . -size 0`.

Kwa wanaotumia programu ya Madagascar, kumbuka faili ya `.rsf` ni maelezo tu. Namba zenyewe ziko pale `DATAPATH` ilipoelekeza, mara nyingi eneo la muda linalofutwa kila baada ya wiki kadhaa. Ukinakili `.rsf` peke yake umenakili anwani, na siku eneo likifutwa data imekwenda. `sfin` itakuambia kama ukubwa unalingana.

Simama hapa: ukiona `Input/output error` wakati wa kusoma data ghafi, usijaribu kuandika chochote juu yake wala kuihamisha. Data ya bahari imegharimu meli na wafanyakazi wake, na mara nyingi haiwezi kuchukuliwa upya. Linganisha `sha256sum` na nakala ya akiba, kisha mwite msimamizi wa hifadhi.

Unapomwandikia msimamizi, usiseme tu "haifanyi kazi". Mpe namba ya kazi, jina la nodi, saa ya kushindwa, skripti nzima, matokeo ya `module list`, mistari 50 ya mwisho ya logi, na toleo dogo la mpigo mmoja linalorudia kosa hilo. Usimtumie data yenyewe kama ni ya kitalu chenye masharti ya usiri. Tengeneza modeli ya tabaka mbili, maji na mashapo, inayoonyesha tatizo lilelile.